Mnyama Asiyekubali Hatamu: Punda Milia, Mbung'o na Historia ya Kuaminiana Ungoni

Katika kata ya Lizaboni, Manispaa ya Songea, gunia la mahindi huweza kufika nyumbani kwa guta, kwa bajaji, kwa mkokoteni, kwa baiskeli au kichwani, lakini halifiki kwa mgongo wa farasi, na hali imekuwa hivyo tangu mji wenyewe haujawa mji. Jambo hili, ambalo mkazi wa leo hana sababu ya kulitilia maanani, lina historia ndefu inayounganisha mdudu mmoja mdogo, wanyama wawili wa ukoo mmoja, na msururu wa watu wenye nguvu waliodhani kwamba mnyama akishikwa amekwisha kuwa wao. Farasi alishindwa kuishi Ungoni, yaani nchi ya Wangoni inayoizunguka Songea, ilhali ndugu yake wa porini, punda milia, aliishi humo kwa raha zote na hakukubali kumbeba mtu. Kati ya kushindwa kwa mmoja na kukataa kwa mwingine kuna mambo ya kujifunza kuhusu kuaminiana, ingawa si yale yanayotajwa mara nyingi na wanaopenda kumsifu mnyama wa porini kana kwamba ni mtakatifu.

Farasi, punda na punda milia ni wa jamii moja ambayo wataalamu wa wanyama huiita Equus, na nasaba ya farasi iliachana na ile ya punda na punda milia takribani miaka milioni 4 iliyopita. Punda wa kufugwa ametokana na punda mwitu wa kaskazini mashariki mwa Afrika, ambaye ufugaji wake ulianza yapata miaka 7,000 iliyopita, na farasi wanaofugwa duniani leo wanatokana na wale wa mbuga za nyasi za karibu na mto Volga, walioanza kusambaa na wafugaji wao miaka ipatayo 4,200 iliyopita. Kwa hiyo, mtu wa bonde la Ruvuma aliyetaka kumwona farasi wa mwituni katika nchi yake mwenyewe alikuwa na mmoja tu wa kumtazama, punda milia wa nyanda, ambaye katika kusini mashariki mwa Tanzania, Malawi na kaskazini mwa Msumbiji ana milia myembamba iliyosongamana hadi miguuni.

Mdudu aliyeamua mengi katika historia hii ni mbung'o, nzi anyonyaye damu ambaye humwachia mnyama vijidudu vinavyosababisha nagana, ugonjwa unaomkondesha farasi, ng'ombe au punda hadi afe, na ambao kwa binadamu una ndugu yake aitwaye malale. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alivitambua vijidudu hivyo huko Zululand katikati ya miaka ya 1890, lakini wafugaji wa Afrika walikuwa wamejua zamani kwamba kuna vichaka ambavyo mifugo haipiti ikabaki salama. Wangoni, ambao mababu zao walivuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba na ambao makundi yao yalifika nchi ya Songea katikati ya karne ya 19, walikuja na ng'ombe na kuwaweka penye nyasi fupi na watu wengi, mahali ambapo kichaka kilikuwa kimefyekwa. Wanyama wa porini wenyewe, akiwemo punda milia, huishi kati ya mbung'o bila kuangamia, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na kundi la Tim Caro, ambamo farasi wa Uingereza walivishwa mablanketi yenye milia, ulionyesha kwamba nzi wanaouma humkaribia mnyama mwenye milia kama wanavyomkaribia mwingine, lakini hushindwa kupunguza mwendo na kutua.

Jaribio la kwanza lililoandikwa kwa kina la kuvusha wanyama wa mizigo katika nchi ya mbung'o upande huu lilifanywa mwaka 1866 na David Livingstone, ambaye alishuka pwani ya Mikindani mwezi Machi akiwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 kutoka India pamoja na ndama, nyumbu 2 (nyumbu hapa ni chotara wa punda na farasi, si yule wa Serengeti) na punda 4. Nia yake ilikuwa kupima kama mmoja wa wanyama hao angestahimili sumu ya mbung'o, kwa kuwa angepatikana mnyama wa namna hiyo, biashara ya mizigo isingehitaji tena vichwa vya watu, na biashara ya watumwa iliyokwenda sambamba nayo kati ya Ziwa Nyasa na Kilwa ingepoteza moja ya nguzo zake. Msafara ulifuata bonde la Ruvuma, ukilipa wenyeji wakate miti na kamba za msituni ili ngamia wenye maumbile marefu wapite, na askari wa Kihindi waliokabidhiwa wanyama wakawapakia mizigo kupita kiasi, wakawapiga na kuwaacha bila malisho ya kutosha. Wanyama walipoanza kufa mmoja baada ya mwingine, Livingstone alijikuta hawezi kusema kwa uhakika ni yupi aliyeuliwa na mbung'o na ni yupi aliyeuliwa na fimbo, kwani donda la nzi na donda la mpigaji yalikuwa juu ya ngozi moja. Kwa mwanahistoria, kasoro hiyo ya jaribio ina thamani kuliko jibu ambalo lingepatikana, kwa sababu inaonyesha kwamba suala la mnyama wa mizigo halikuwa la damu na vijidudu pekee. Lilikuwa pia suala la nani anamwongoza, na kwa moyo gani. Livingstone alifika kwa Mataka, mtawala wa Wayao huko Mwembe ng'ambo ya Ruvuma, akiwa amewarudisha askari hao pwani, na msafara wake uliendelea kubebwa na binadamu.

Miongo mitatu baadaye dola ya Kijerumani ilirithi tatizo lile lile. Boma la Songea lilianzishwa mwaka 1897, na namna lilivyoanzishwa haiko mbali na mada hii, maana viongozi wa Wangoni waliitwa kwenye mkutano na Luteni Engelhardt, na walipofika wakazuiliwa mpaka wakubali utawala mpya. Serikali iliyoanza kwa mwaliko wa namna hiyo isingetarajiwa kuelewa kwa nini miaka minane baadaye nchi nzima iliungana katika Vita vya Maji Maji, wala kwa nini, baada ya makumi ya viongozi kunyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 na Nduna Songea Mbano kuuawa baada yao, ilibidi itawale nchi iliyokuwa na njaa na mashamba yaliyogeuka pori. Mahali palipokuwa na watu na ng'ombe, vichaka vilirudi, na pamoja na vichaka walirudi wanyama wa porini na mbung'o. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika utafiti wake wa mwaka 1977 kuhusu mazingira ya Afrika Mashariki, aliuweka mfululizo huo wa vita, magonjwa ya mifugo na kurudi kwa pori katika kiini cha maelezo yake ya kuporomoka kwa uchumi wa wenyeji. Ugonjwa wa sotoka, uliofagia ng'ombe na nyati katika miaka ya 1890, haukumdhuru mnyama wa jamii ya farasi, na kwa hiyo punda milia alibaki pale ambapo wengi wa majirani zake walikuwa wameondoka.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa, au tuseme lilipopata wafadhili. Mnyama anayefanana na farasi, asiyekufa kwa sotoka wala kwa nagana, aliyejaa mbugani bila kununuliwa: kwa afisa wa koloni aliyekuwa akihesabu wapagazi, ambao kila mmoja alibeba takribani kilo 30, hiyo ilikuwa kama pesa iliyoachwa njiani. Upande wa Kilimanjaro, afisa wa zamani wa jeshi la kikoloni, Fritz Bronsart von Schellendorff, alianzisha mwanzoni mwa karne ya 20 kazi ya kuwakamata punda milia kwa kuyafukuza makundi mpaka ndani ya maboma, akitarajia kuwafundisha kuvuta na kubeba, na kuwazalisha na farasi. Ulaya nako kulikuwa na shauku hiyo hiyo: Walter Rothschild aliwafunga punda milia kwenye gari lake na kuliendesha katika mitaa ya London, na James Cossar Ewart, profesa wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alimzalisha dume aitwaye Matopo na farasi majike, akachapisha matokeo yake mwaka 1899 na kuwasifu chotara hao kuwa wangefaa katika makoloni. Nairobi, tabibu wa Kigoa Rosendo Ribeiro, aliyekuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza wa mji huo, alijulikana kwa kwenda kuwatibu wagonjwa akiwa amempanda punda milia.

Mifano hiyo hurudiwa mara nyingi kuthibitisha kwamba jambo hilo liliwezekana, na kwa kiasi hicho ni kweli, kwani punda milia mmoja mmoja aliyelelewa na mtu mvumilivu aliweza kupandwa. Kilichoshindikana ni ufugaji, maana kumfunza mnyama mmoja ni jambo la miezi au miaka ya mtu mmoja, na kufuga ni kuzaa vizazi ambavyo kila kimoja humwogopa binadamu kidogo kuliko kilichotangulia. Punda milia aliyekamatwa akiwa amekomaa aliuma bila kuachia, aliinamisha kichwa kukwepa kitanzi kilichorushwa, na aliposhikwa na hofu alijirusha ovyo mpaka akajiumiza; wapo wanyama ambao hofu ya kufukuzwa peke yake huwavunja misuli na moyo, wakafa siku chache baada ya kukamatwa bila jeraha lolote la nje. Wakoloni waliliita jambo hilo ukaidi, na jina hilo likabaki.

Ukaidi, hata hivyo, ni neno la bwana anayemlalamikia mtumishi, na halisemi chochote kuhusu mnyama anavyoishi na wenzake. Maelezo ya maana yalianza kupatikana katika miaka ya 1960, wakati mtaalamu wa Kijerumani Hans Klingel alipowafuatilia punda milia wa Ngorongoro na Serengeti, akiwatambua mmoja mmoja kwa milia yao, ambayo haifanani kwa wanyama wawili wowote. Alichokiona kilikuwa familia, wala si kundi la ovyo: dume mmoja, majike kati ya mmoja na sita, na watoto wao. Majike hao hukaa pamoja kwa sehemu kubwa ya maisha yao, na dume akifa au akinyang'anywa nafasi yake hawatawanyiki, bali humpokea dume mwingine wakiwa kundi lile lile, jambo linaloonyesha kwamba uzi unaoshikilia familia umefumwa baina ya majike wenyewe. Jike mwenye cheo ndiye aghalabu hutangulia njiani, wengine wakifuata kwa mpangilio wao, na dume hutembea nyuma au pembeni, upande ambao hatari inaweza kutokea.

Siku za mwanzo za mtoto zinastahili kutazamwa kwa karibu. Mtoto husimama ndani ya muda mfupi baada ya kuzaliwa na hukifuata chochote kinachotembea mbele yake, na kwa sababu hiyo mama huwafukuza wote wanaosogea, hata jike aliyeishi naye miaka mingi, mpaka mtoto aijue milia yake, harufu yake na sauti yake pasi na kumchanganya na mwingine. Baadaye mtoto huruhusiwa kwa wengine, na hapo huanza desturi ya kutafunana shingo na mabega: wawili husimama wakielekeana, kila mmoja akimsugua mwenzake kwa meno mahali asipoweza kujifikia mwenyewe, meno yale yale ambayo yalimkosesha mfanyakazi wa Bronsart usingizi. Wakati wa kupumzika, wawili huweka vichwa juu ya migongo ya wenzao wakitazama pande tofauti, na usiku familia inapolala walau mmoja hubaki amesimama. Klingel aliona pia kwamba mgonjwa au mzee anaposhindwa kwenda na mwendo wa wengine, familia hupunguza mwendo, na kwamba dume huwatafuta kwa kuita wale waliopotea katika mkusanyiko mkubwa.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumfanya punda milia mwalimu wa upendo. Kuaminiana huko, hata hivyo, kuna ukuta. Jike mgeni anayeletwa na dume hushambuliwa na majike wenyeji kwa wiki kadhaa, na dume hulazimika kumkinga. Binti anayepevuka huchukuliwa na madume wa nje wanaopigana na baba yake. Na katika bustani za wanyama imeonekana dume mpya akiwaua watoto wa dume aliyemtangulia. Imani ya punda milia ni kubwa kwa sababu mduara wake ni mdogo, na yeyote asiye ndani ya mduara ni mtu wa kukimbiwa. Punda milia wa Grevy wa kaskazini mwa Kenya hawana hata mduara huo, kwani madume wao hulinda maeneo na majike huja na kwenda, na mkusanyiko wa leo unaweza usiwe wa kesho.

Swali lililobaki ni gumu zaidi, nalo ni kwamba farasi wanaoishi bila kufugwa wana familia ya namna hiyo hiyo, dume mmoja na majike walioshikamana, na bado farasi alikubali hatamu. Kwa hiyo umbo la familia haliwezi kuwa jibu lote. Wapo wanaodai kwamba binadamu alimpata farasi kwa kujifanya kiongozi wa kundi, hoja inayopendwa na wafunzaji wa farasi wa Marekani na Ulaya lakini isiyoeleza kwa nini isingefaa kwa punda milia, ambaye ana kiongozi vilevile. Maelezo yenye uzito zaidi ni ya umbali wa kukimbia, yaani masafa ambayo mnyama humruhusu adui ayafikie kabla hajatimka. Punda milia na mababu zake wameishi na simba, fisi na binadamu mwindaji katika bara moja kwa muda ambao farasi wa mbuga za Volga hakuwahi kuupata, na kizazi kilichochelewa kukimbia hakikuacha watoto. Hofu hiyo ni kumbukumbu ya ukoo, na boma la miti haliwezi kuifuta katika maisha ya mkamataji mmoja.

Vita Kuu ya Kwanza ilimaliza mjadala wa mnyama wa mizigo kwa njia mbaya. Majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalipoingia nchini mwaka 1916 na askari wapanda farasi, makumi ya maelfu ya farasi, nyumbu na punda walikufa kwa nagana na uchovu, na kikosi kilichoikamata Songea mwezi Septemba mwaka huo, kikitokea upande wa Ziwa Nyasa, kilitegemea wapagazi kama msafara wa Livingstone ulivyofanya miaka 50 kabla. Baada ya hapo lori na barabara ndivyo vilivyojibu swali la mizigo, na punda milia akaachwa kwa wawindaji na wahifadhi.

Wakati huo wote, katika misitu ile ile ya Ruvuma, palikuwepo uhusiano mwingine na kiumbe wa porini ambao haukuhitaji boma. Mlembe, ndege mdogo wa rangi ya kijivu anayependa nta, humwita mtu kwa mlio wa haraka, hutangulia mti hadi mti, na humfikisha kwenye mzinga wa nyuki alioujua. Mtu huwafukuza nyuki kwa moshi, hupasua mti na kutwaa asali, na ndege hubaki na nta. Mmisionari wa Kireno João dos Santos aliuandika uhusiano huo huko Sofala tangu karne ya 16, na kwa Waborana wa Kenya, Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walionyesha mwaka 1989 kwamba mrina asali anayeongozwa hufika kwa wastani wa saa 3.2, ilhali anayetafuta peke yake hutumia saa 8.9. Kwa Wayao wa Niassa, ng'ambo ya mto, ambao ndugu zao wamejaa Tunduru na Songea, Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha mwaka 2016 matokeo kuhusu mlio maalumu ambao warina asali hufundishwa na baba zao, mtetemo wa midomo unaomalizikia kwa mguno: ukitolewa, uwezekano wa kuongozwa na ndege hupanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi humwita ndege huyo huyo kwa mluzi, na utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba ndege wa kila nchi huitikia zaidi wito wa wenyeji wake.

Mlembe si mpole kuliko punda milia. Jike hutaga katika kiota cha ndege mwingine, na kinda wake huanza maisha kwa kuwaua makinda wa mwenye nyumba kwa ndoano iliyo kwenye ncha ya mdomo, kisha hukua bila kuwaona wazazi ambao wangemfundisha lugha ya watu. Anajifunza mwenyewe, kwa kuona kwamba wito fulani hufuatwa na nta. Tofauti kati yake na mnyama wa Bronsart iko katika masharti: mlembe anaweza kuondoka wakati wowote, mrina asali anaweza kuacha kumfuata, na kila safari inayoishia kwenye asali huwapa wote wawili sababu ya safari inayofuata. Mahali watu walipoacha kurina asali ya mwituni na kununua sukari dukani, mwito wa ndege hauna wa kuuitikia, na desturi hufa pande zote mbili.

Punda milia wa Ruvuma wa leo hana mkataba wa namna hiyo na mtu, lakini maisha yake yanategemea watu kuliko wakati wowote. Ushoroba wa Selous na Niassa, yaani ukanda wa ardhi unaowaruhusu wanyama kupita kati ya hifadhi za Tanzania na za Msumbiji, unakatiza wilaya za Namtumbo na Tunduru, ndani ya maeneo ya jumuiya za hifadhi za vijiji kama Mbarang'andu na Nalika, na barabara ya lami ya Songea hadi Tunduru huukata katikati, mashamba ya tumbaku na korosho yakiusogelea. Huko Botswana, uzio wa mifugo ulioziba njia ya punda milia kati ya Okavango na Makgadikgadi kuanzia mwaka 1968 uliondolewa mwaka 2004, na miaka michache baadaye wanyama waliofungwa vifaa vya kufuatilia nyendo walionekana wakiipita tena, ingawa muda uliopita ulizidi umri wa punda milia yeyote wa porini na hapakuwepo jike aliyewahi kuitembea akiwa na mama yake. Ukanda wa Namtumbo na Tunduru hauhitaji kusubiri ugunduzi wa namna hiyo, kwa kuwa njia zake bado hazijazibwa zote, na vijiji vinavyopanga matumizi ya ardhi bado vina nafasi ya kuamua shamba jipya la korosho liishie wapi.